Maswali ya Wasomaji: Mikono, Mirija na Kitanda cha Mgonjwa Mahututi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimezungumzia maambukizi yanayompata mgonjwa akiwa tayari amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi wetu hapa Mombasa tunakiita ICU tu. Nimechagua sita, baadhi kutoka kwa jamaa za wagonjwa na nyingine kutoka kwa wahudumu wenyewe. Majina ya waandishi na ya hospitali zao nimeyaacha.

*Shikamoo Mama. Kaka yangu alipata ajali ya pikipiki akalazwa ICU, anapumua kwa mashine. Siku ya tano tukaambiwa ana nimonia ambayo hakuja nayo. Mle ndani sisi wenyewe huingia mmoja mmoja, tena kwa joho na barakoa. Inakuwaje mtu apate ugonjwa mahali palipo safi kuliko nyumbani? Je, kuna mtu aliyekosea?*
*Dada wa mgonjwa, Kisauni*

Marahaba mwanangu, na Mungu amjaalie kaka yako shufaa.

Mtu mzima wa afya analindwa na mambo ambayo hata hayafikirii: ngozi isiyo na tundu, kikohozi kinachotoa makohozi, koo linalojifunga anapomeza, mkojo unaoosha njia yake kila unapotoka. Mgonjwa mahututi huondolewa karibu ulinzi wote huo kwa ajili ya kuokoa maisha yake. Mrija wa mashine hupitishwa kinywani hadi kwenye koromeo, kwa hiyo koo haliwezi tena kujifunga. Mate na uchafu wa kinywani hujikusanya juu ya puto dogo linalozuia hewa isivuje, kisha huteremka kidogo kidogo pembeni mwa puto hilo mpaka mapafuni. Mrija mwingine huingizwa katika mshipa mkubwa wa shingoni, na katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, huwekwa katika kibofu. Nimonia inayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya mrija wa kupumulia kuingizwa huhesabiwa kuwa imetokana na mashine, na siku ya tano ya kaka yako inaangukia humo.

Baadhi ya bakteria wanaosababisha hayo ni wa mgonjwa mwenyewe, waliokuwa kinywani au tumboni mwake kwa amani. Wengine hutoka kitanda cha jirani, na hao hawaruki wala hawatembei. Hubebwa, na mara nyingi hubebwa na mikono. Klebsiella, Pseudomonas na Acinetobacter ndio majina utakayoyasikia mara kwa mara. Acinetobacter anaweza kukaa wiki kadhaa juu ya kitu kikavu, kama vile ukingo wa kitanda au kitufe cha mashine, na wengi wa jamii hiyo wamekuwa sugu kwa dawa ambazo zamani ziliwaua.

Mwangalie muuguzi anayemgeuza mgonjwa. Ameshika ukingo wa kitanda, amevuta shuka, ameusogeza mfuko wa mkojo ili mpira usivutike, na papo hapo king'ora cha pampu ya dawa kinalia. Ananyoosha mkono, anabonyeza kitufe, halafu kwa mkono ule ule anafungua kifuniko cha mrija wa shingoni ili aingize dawa iliyokuwa imechelewa. Mgeni anayetazama hataona uchafu wowote. Lakini kabla ya kukigusa kile kifuniko palikuwa na nafasi ya kutakasa mikono, ambayo imepita katika muda wa kupepesa macho, na dawa imeingia damuni pamoja na vilivyokuwa kwenye kitufe.

Shirika la Afya Duniani liliziainisha nafasi hizo kuwa tano katika mwongozo wake wa mwaka 2009: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama hiyo ya kufungua mrija, baada ya kuwa katika hatari ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye mwenyewe hukumgusa. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu ukingo wa kitanda hauonekani kuwa mgonjwa.

Ukubwa wa tatizo si wa hospitali zetu peke yake. Ripoti ya Shirika hilo ya mwaka 2022 ilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa hospitalini, wapatao 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika ICU kiwango ni kikubwa zaidi, na hata katika nchi tajiri hukaribia mgonjwa mmoja kati ya watatu.

Kama kuna aliyekosea, mimi siwezi kukuambia nikiwa mbali, na mara nyingi hata walio karibu hawawezi kumnyooshea kidole mtu mmoja. Una haki, hata hivyo, ya kuuliza kwa heshima maswali matatu: kitanda chake kimeinuliwa kichwani kwa nyuzi 30 hadi 45? Anasuguliwa meno kwa mswaki kila siku? Na je, daktari hupima kila asubuhi kama ule mrija bado unahitajika? Muuguzi mzuri hataudhika, kwani maswali hayo yamo katika orodha yake mwenyewe. Katika jimbo la Michigan, Marekani, daktari Peter Pronovost na wenzake waliongoza mpango katika ICU zaidi ya mia moja wakitumia mambo matano tu kuhusu mirija ya mishipa mikubwa: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu wakati wa kuingiza mrija, kusafisha ngozi kwa dawa ya klorheksidini, kuepuka mshipa wa paja pale inapowezekana, na kuutoa mrija usiohitajika. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 yalionyesha maambukizi ya damu yakishuka kwa hadi asilimia 66. Jambo ambalo watu hulisahau wanapoisimulia habari hiyo ni kwamba wauguzi walipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Kwa maoni yangu ruhusa hiyo ilifanya kazi kubwa sawa na ile dawa.

*Mama, mimi ni muuguzi mwanafunzi katika ICU ya hospitali moja hapa kisiwani. Huvaa glavu tangu kuingia hadi kutoka, nami huzinyunyizia spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa. Msimamizi wa zamu amenikemea mbele ya wenzangu. Je, si bora kinga iwepo muda wote?*
*Mwanafunzi, Tudor*

Msimamizi wako yuko sahihi, ingawa mahali pa kukukemea angepachagua vizuri zaidi.

Glavu isiyovuliwa inakulinda wewe, haimlindi mgonjwa. Inapotoka kitanda hiki kwenda kile ni sawa na mwiko uliokorogea mchuzi wa pweza ukatiwa katika sufuria ya maziwa. Tena mkono ulio ndani ya mpira huona umesalimika, na kwa hiyo hugusa ovyo: faili, simu, pazia, shavu la mwenye mkono. Spiriti juu ya glavu haikubaliki, kwa kuwa glavu za wadi zimetengenezwa kwa matumizi ya mara moja na mpira wake huweza kudhoofika, na matundu madogo yasiyoonekana kwa macho yapo hata katika glavu mpya. Mkono unaotoka humo umelowa jasho na si safi.

Vaa glavu pale unapotarajia damu, makohozi, mkojo, kinyesi au jeraha, au mgonjwa anapokuwa amewekewa tahadhari ya mguso kwa sababu ya bakteria sugu. Katika hali hiyo ya pili vaa glavu na joho unapoingia eneo la kitanda chake na uvivue humo humo kabla ya kutoka. Unapovua, bana glavu ya kwanza kwa nje karibu na kifundo cha mkono, ivute ikijipindua, ifumbate katika kiganja ambacho bado kina glavu, kisha pitisha kidole kitupu ndani ya ukingo wa glavu ya pili na uipindue juu ya ile ya kwanza. Zitupe. Halafu takasa mikono, kila mara, hata kama hakuna tone lolote lililokugusa.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wagonjwa wangu wengine wako ICU. Baadhi yetu Waislamu tunaona uzito kutumia kitakasa mikono chenye alkoholi, tukihofia swala zetu. Tunaambiwa pia tukunje mikono ya nguo hadi viwikoni, tuvue pete na bangili, na wapo wanaotukataza hata hina. Lipi lina msingi na lipi ni mazoea ya watu?*
*Binti wa Majengo*

Waalaykum salaam, binti yangu. Kwa upande wa dini mimi si wa kutoa fatwa, na kama moyo wako haujatulia mwulize shekhe unayemwamini, ukimweleza kwamba kitu chenyewe hakinywewi, kinapakwa mikononi kwa ajili ya kuzuia madhara kwa mgonjwa na hukauka chote. Ninachoweza kukueleza ni kwamba suala hili si geni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unalo eneo zima kuhusu dini na usafi wa mikono, na humo umetajwa uamuzi wa baraza la fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililokutana Makka mwezi Januari 2002, ulioruhusu dawa zenye alkoholi kwa mahitaji ya tiba. Hospitali za Saudi Arabia zenyewe hutumia vitakasa hivyo.

Mikono ya nguo ina msingi. Huwezi kutakasa kifundo cha mkono kilichofunikwa, na ncha ya mkono wa buibui au wa koti ikiburura juu ya kifua cha mgonjwa huyu itaburura na juu ya yule. Wanaotaka kujisitiri wana njia: hospitali nyingine duniani huruhusu mikono mirefu katika maeneo ya kawaida mradi ikunjwe au ivuliwe wakati wa kumhudumia mgonjwa, au hutoa mikono ya plastiki inayovaliwa kwa mgonjwa mmoja na kutupwa. Jambo hilo lizungumzwe na uongozi mapema badala ya kusubiri ugomvi wa mlangoni. Pete na bangili zivuliwe, kwa kuwa ngozi iliyo chini ya pete hubaki na bakteria wengi zaidi. Kucha za bandia hazifai kabisa kwa anayemgusa mgonjwa, na kucha zako za asili zisipite nusu sentimita.

Hina haina kosa. Rangi iliyokwisha kuingia katika ngozi haizuii kitakasa kufanya kazi, na anayekukataza kwa sababu ya usafi wa mikono amechanganya mambo. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia, ninalisemea tofauti kidogo, kwa sababu rangi za nywele zinazochanganywa humo huwachubua baadhi ya watu, na ngozi iliyochubuka inauma ikipakwa spiriti. Mwenye mkono unaouma atakwepa kuutakasa, tena bila mwenyewe kujua kuwa anakwepa. Kwa sababu hiyo hiyo msioshe kwa sabuni na kupaka spiriti papo kwa papo bila haja. Mikono isiyo na uchafu wa kuonekana itakaswe kwa spiriti, sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Yenye uchafu, damu au majimaji ioshwe kwa maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Mgonjwa mwenye kuhara kunakosababishwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile ana hukumu yake: mbegu za bakteria huyo haziuawi na spiriti, kwa hiyo baada yake ni maji na sabuni.

*Mama yetu yuko ICU. Tumempelekea maji ya zamzam, kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa) na mafuta ya habasoda, muuguzi akakataa vyote. Kisha sisi tunavuliwa viatu na kupewa slipa zilizovaliwa na watu wote, huku simu tunaingia nazo mkononi. Tumeona kama tumedharauliwa.*
*Wana wa Likoni*

Poleni sana, na muuguzi angewaeleza sababu badala ya kukataa tu. Mgonjwa aliye na mrija kooni, au aliyelewa dawa za usingizi, hamezi. Kijiko kimoja cha kombe, pamoja na zafarani na mawaridi yake, kitashuka mapafuni badala ya tumboni. Maji yoyote yasiyo tasa, hata yakiwa na baraka kiasi gani kwetu, huwa na vijidudu ambavyo tumbo la mzima huvimaliza lakini pafu la mahututi haliwezi, na mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia ya aina yake. Msimpake mafuta karibu na mahali mirija inapoingia mwilini pia, kwani plasta hubanduka na ngozi huloa. Dua na kisomo hakuna anayeweza kuwazuia kwa sababu ya maambukizi. Msomeeni kando ya kitanda kwa sauti ya kiasi, mkiwa mmetakasa mikono kabla ya kumshika na baada ya kumwachia.

Kuhusu slipa, hapo nawaunga mkono. Sijui kwa nini desturi hii inang'ang'aniwa. Maambukizi ya ICU hayapandi kutoka sakafuni kupitia nyayo za wageni, na anayeinama kuvaa slipa za watu au kufunika viatu vyake huichafua mikono ile ile anayokwenda kumshikia mama yake. Kama lazima zivaliwe, zivaliwe kwanza ndipo mikono itakaswe. Simu, kwa upande mwingine, hushikwa kuliko kitu chochote na haioshwi. Iacheni mfukoni, au ipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kumwekea mama sauti ya wajukuu sikioni. Mfuko wa mkojo mkiuona chini sakafuni mwiteni muuguzi, wala msiunyanyue wenyewe juu ya kiwango cha kitanda, kwa maana mkojo hurudi nyuma kibofuni.

*Mimi ni msimamizi wa ICU katika hospitali moja upande wa Nyali. Wafanyakazi wangu wamefunzwa, mabango yamejaa ukutani, na kila tarehe 5 Mei tunaiadhimisha siku ya usafi wa mikono. Nikikaa na karatasi yangu ya kuhesabu wote wanatakasa. Nikiondoka mambo yanarudi yalivyokuwa. Maji nayo hukatika. Nifanye nini zaidi ya kufundisha tena?*
*Msimamizi wa wadi*

Usifundishe tena, angalau kwa sasa. Wanajua. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba utakasaji wa mikono wakati wa kuwahudumia wagonjwa mahututi katika nchi za kipato cha chini ni takriban asilimia 9 ya nafasi zinazotakiwa, na hata katika nchi tajiri ni nadra kupita asilimia 70. Watu hao wote hawawezi kuwa wajinga. Tazama badala yake umbali kati ya mkono na chupa. Kama mhudumu wa kitanda cha tatu lazima atembee hadi kwenye beseni la mlangoni ili anawe, huku mashine ya mgonjwa wake ikipiga kelele, hatakwenda, na mimi katika nafasi yake nisingekwenda. Chupa iwe kwenye ukingo wa kila kitanda, mahali ambapo mkono unaifikia bila mguu kuhama.

Hospitali kuu ya Geneva, Uswisi, ilijaribu hilo chini ya Didier Pittet kuanzia Desemba 1994. Chupa ziliwekwa vitandani, mabango yakabadilishwa mara kwa mara, na hesabu zikarudishwa kwa wafanyakazi wenyewe. Hadi mwisho wa 1997 utakasaji ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na maambukizi ya hospitalini yakashuka kutoka asilimia 16.9 ya wagonjwa hadi 9.9. Waliobadilika sana ni wauguzi. Madaktari walibaki nyuma. Nadhani hilo halitakushangaza. Daktari bingwa akizunguka vitanda sita asubuhi na stetoskopu moja shingoni bila kugusa chupa hata mara moja, wanafunzi wanaomfuata wamejifunza somo lao la siku hiyo. Zungumza naye faraghani kabla ya kubandika bango lingine.

Kwa kuwa wanatakasa ukiwapo, karatasi yako inapima kuwapo kwako. Ongeza kipimo kisichoona haya: pima ni lita ngapi za kitakasa zimetumika kwa mwezi, uzigawanye kwa siku za wagonjwa (hesabu ya waliolala kila siku, ikijumlishwa kwa mwezi mzima), kisha ulinganishe mwezi na mwezi.

Maji ya mji huu hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na bomba likipata hitilafu tunarudi kwenye visima vya chumvi na mitungi ya mkokoteni. Sabuni haitoi povu la maana katika maji ya chumvi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuegemea kitakasa, ambacho mfamasia wako anaweza kukitengeneza kwa mchanganyo wa Shirika la Afya Duniani: etanoli asilimia 80, glisaroli asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125, kikishatiwa chupani kiachwe saa 72 ndipo kitumike. Maji ya akiba yawekwe katika pipa lenye mfuniko na bomba chini, asichote mtu kwa kikombe. Chupa ya sabuni ya maji isijazwe juu ya mabaki. Imalizike, ioshwe, ikauke, ndipo ijazwe.

Kitu kimoja hakimo mikononi mwako lakini lazima ukiandike kwa uongozi kila mwezi. Muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa watatu wa mashine, nafasi za kutakasa mikono kwa saa huwa nyingi kuliko uwezo wa binadamu, hata kila moja ingechukua sekunde 20. Uchache wa wauguzi nao ni suala la maambukizi, na bajeti yake iombwe kwa jina hilo.

*Mama, mimi ni mfanyakazi wa usafi ICU. Jana sindano iliyotupwa katika mfuko wa taka ilinichoma kidole. Nimeogopa kusema nisije nikaachishwa kazi.*
*Changamwe*

Mwanangu, hili haliwezi kungoja gazeti, na tayari nimekujibu kwa njia ya simu. Naliandika kwa ajili ya wenzako. Osha kidole kwa maji na sabuni, usikibane kukamua damu wala usikitie dawa kali. Nenda kitengo cha dharura saa hiyo hiyo na uandikishwe. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianze upesi iwezekanavyo, na si baada ya saa 72, zinywewe siku 28. Hatari ya ukimwi kwa mchomo mmoja wa sindano yenye damu iliyoambukizwa ni takriban 3 katika 1,000, ilhali homa ya ini aina ya B kwa asiyechanjwa inaweza kufika asilimia 30, kwa hiyo uliza kuhusu chanjo yake siku hiyo hiyo. Mfuko uliokuchoma usiufungue kutafuta sindano. Uufunge, uubebe ukiwa umeuweka mbali na mguu, na umwambie msimamizi ni kitanda gani ulitoka, kwa kuwa aliyeitupa humo alikuwa na kisanduku cha njano cha sindano hatua chache tu kutoka alipokuwa.